Rangi ya Mauti

Mwanafunzi wa Kitale au Bungoma aitazamapo bendera ya Kenya, iliyopandishwa kwa mara ya kwanza Desemba 1963, huitazama pia mauti. Wekundu wake ni damu iliyomwagika katika kupigania uhuru. Weusi, ambao wengi huudhania kuwa rangi ya msiba, ndio wananchi wenyewe. Basi rangi haina maana yake yenyewe; maana hupewa na watu.

Wachoraji wa kisasa walijua jambo hilo. Mwaka 1959 Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora picha tano katika kuta za kanisa la Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Hakuzijaza kuta maiti zao. Alimchora Kristo Mwafrika msalabani, katika nchi ile ile ya waombolezaji, ili kila aliyefiwa aione huzuni yake.

Turudi Bungoma. Huko Webuye iko ngome ya Chetambe, ambako Wabukusu wengi waliuawa na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Alama yao ni handaki la ngome ile. Kila apandishaye bendera na awakumbuke wao pia: damu yao imo katika wekundu ule.