Habari Zako Zinapouzwa

Leo tutajifunza jinsi serikali ya Marekani ilivyopata njia ya kujua watu wanakokwenda bila kumwomba hakimu ruhusa.

Zamani, Wamarekani walipotawaliwa na Waingereza, maofisa wa forodha waliingia majumbani kutafuta magendo kwa hati zisizotaja nyumba ya nani. Watu walichukia sana. Kwa hiyo mwaka 1791 waliongeza kifungu katika Katiba yao: asipekuliwe mtu, nyumba yake wala karatasi zake ovyo, na hati ya kupekua itaje mahali na sababu.

Sasa tazama simu yako ya mkononi. Kampuni ya simu hujua uko karibu na mnara gani, nayo huandika. Katika kesi moja ya unyang'anyi, serikali ilichukua kumbukumbu za simu ya mshtakiwa za siku 127, bila hati ya kupekua. Zilionyesha mahali alipokuwa mara 12,898. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, majaji 5 kwa 4, kwamba hati ilihitajiwa.

Je, mambo yaliisha? La. Programu nyingi za simu nazo huandika ulipo, na habari hizo huuzwa kwa madalali. Dalali naye humwuzia mwenye fedha. Mwaka 2020 magazeti yalifichua kwamba maofisa wa uhamiaji na mipaka wa Marekani walikuwa wakizinunua. Mwaka huohuo ilijulikana kwamba Muslim Pro, programu inayoonyesha saa za sala na kibla, ilimpa habari za watumiaji wake dalali aliyewauzia makandarasi wa jeshi. Baadaye wenye programu waliacha.

Januari 2021 idara ya upelelezi ya jeshi iliandika kwamba kununua kinachouzwa hakuhitaji hati. Basi, kilichokatazwa mlangoni kilipatikana sokoni. Aprili 2024 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa kukataza ununuzi huo. Seneti haikuupitisha, nao haukuwa sheria.

Ndugu msikilizaji, programu ikikuomba ijue ulipo, jiulize kwanza: yahitaji kujua kwa kazi gani? Kama huoni kazi, kataa.

Maswali ya darasani:
1. Kwa nini kifungu cha 1791 kiliandikwa?
2. Mahakama iliamua nini mwaka 2018?
3. Kununua habari za mtu na kumpekua vina tofauti gani? Jadilianeni.