Mlio wa Gia katika Mwambao wa Rumonge

Baiskeli ya gia si jambo jipya duniani, wala si jambo la kale katika mwambao wa Rumonge; na ajuaye jinsi ilivyochelewa kufika hapa hatastaajabu akiona kwamba mlio wake wa nyuma, ule wa kukwaruza na kurukaruka kila mnyororo unapohama, aghalabu hutibiwa kwa dawa isiyokuwa yake.

Mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, nchini Burundi, ulikuwa njia ya biashara tangu zamani. Katika miaka ya 1880 mfanyabiashara Mohammed bin Khalfan al-Barwani, aliyeshuhurika kwa jina la Rumaliza, alieneza sauti yake kutoka Ujiji hadi pande hizi za kaskazini, na Kiswahili kikashika mizizi pwani ijapokuwa Mwami Mwezi Gisabo, mfalme wa Burundi, hakukubali kuiachia milima yake. Kisha reli ikafika Kigoma mwaka 1914, na baada ya mapatano ya mwaka 1921 Wabelgiji walipopewa gati zao za Dar es Salaam na Kigoma, zilizoitwa Belbase, shehena ya Ruanda-Urundi waliyoitawala ikawa inapanda behewa hadi ziwani na kutoka hapo kupanda meli hadi Usumbura, mji ambao leo ni Bujumbura. Mwenye kutaka chuma cha Ulaya, kiwe jembe au kiwe baiskeli, njia yake ilikuwa hiyo.

Na baiskeli iliyoufaa mwambao ilikuwa ile nzito ya gia moja. Ziwa limelala kiasi cha mita 773 juu ya bahari, na njia itokayo Bujumbura kwenda Rumonge na Nyanza-Lac hulifuata kandokando, hata mtu aliyepakia madumu ya mawese au magunia ya ndagala katika keria hakuwa na haja kubwa ya gia ya pili. Haja ilikuwa upande wa mashariki, ambako milima hupanda hadi kupita mita 2000. Lakini huko watu walikwisha kuamua kwamba baiskeli husukumwa wakati wa kupanda na hupandwa wakati wa kushuka, na shauri likaishia hapo. Katika chombo cha namna hiyo mnyororo huenda moja kwa moja, haupindi, na ukipiga kelele sababu ni mbili tu, ama umekauka ama umelegea. Basi fundi huutia mafuta, akalivuta gurudumu nyuma kidogo, akakaza nati, na maneno yamekwisha.

Ulaya nako gia hazikupokewa kwa takbiri. Paul de Vivie wa Saint-Étienne, aliyeandika kwa jina la Vélocio, alizipigia debe kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilhali Henri Desgrange, mwasisi wa Tour de France, aliziona kuwa ni za watu waliokwisha kuzeeka. Na katika mashindano yake kifaa cha kuhamisha mnyororo hakikuruhusiwa mpaka mwaka 1937. (Wakubwa wa mchezo, kama wakubwa wa dini, hupenda taabu ya wengine.) Katika vifaa vya zama zile mkono wa gia ulikwenda bila kituo: mpanda baiskeli alisikia mlio, akausogeza mkono unywele mmoja, mlio ukanyamaza. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa tabibu. Lakini mwaka 1984 Shimano ya Japani ilipotoa mkono wa kubofya, ambao kila mbofyo huvuta waya kwa kipimo kilichokwisha kukatwa kiwandani, dawa ilitoka katika mkono wa mpanda ikaingia katika mkono wa fundi. Kwani waya ukilegea kiasi cha uzi, mibofyo yote hupotea pamoja.

Hapo ndipo desturi ya mafuta inapoharibu. Rumonge ni mji wa mawese, na ni rahisi mtu kutamani kuyatia katika mnyororo, walakini mawese huganda, hunasa mchanga wa ufukweni, na mchanga huyala meno ya gia. Fundi ajuaye kazi yake huiinua baiskeli, akasimama nyuma yake, akatazama kwanza kama vigurudumu viwili vidogo vinavyouongoza mnyororo vimenyooka chini ya meno, maana baiskeli iliyotupwa juu ya lori au kuangukia ubavu wa kulia hupinda kile kipande kinachovining'iniza, na ikiwa kimepinda, kurekebisha waya ni kazi bure. Kisha hukizungusha kirekebishi cha waya robo mzunguko kwa robo: mnyororo ukisita kupanda meno makubwa, waya umelegea, ukisita kushuka, waya umekazika au kutu imeingia ndani ya ala yake. Skrubu mbili ndogo za mipaka haziguswi kwa ajili ya mlio, kwa kuwa kazi yake ni kuuzuia mnyororo usiangukie kwenye spoku au kwenye fremu.

Yakishindikana hayo, hupimwa mnyororo wenyewe: kutoka pini ya kwanza hadi ya 25 pawe inchi 12 kamili, na ukizidi kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, umekwisha. Hapana budi pia kuutazama unene wake, kwani kadiri gia za nyuma zilivyoongezwa, kutoka tano hadi kupita kumi, ndivyo minyororo ilivyofanywa myembamba, na mnyororo wa gia sita ukifungwa mahali pa kumi utapiga kelele hata ukioshwa kwa marashi.

Mafundi wa mwambao hawakosi akili; wale wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili jijini Bujumbura, wana sifa ya ufundi wa magari iliyoenea. Ila ujira wetu bado ni wa zama za gia moja: twamlipa fundi kwa kitu alichotia au alichobadilisha, hatumlipi kwa nusu saa aliyokaa akisikiliza na kuzungusha kirekebishi. Enyi wenye baiskeli za gia, mlipeni kwa nusu saa hiyo, na chupa ya mafuta mwambieni aiweke kando kwanza.