Tenga, Wala Si Kifumbatio

Orodha ya istilahi za kompyuta iliyonifikia mwezi uliopita imelipa lile umbo la chuma linalobeba bodi mama, pawa saplai, kadi ya picha na feni jina la "kifumbatio". Neno hilo nililipinga kikaoni, nikalipinga tena kwa barua ya kurasa nne. Barua haikujibiwa, na neno limechapishwa kama lilivyokuwa. Kwa hiyo hoja zangu naziweka hapa.

Anayefumbata sarafu hukunja vidole vyote ili isionekane wala isiponyoke. Tazama ukoo wa neno lenyewe: fumba macho, fumba mdomo, fumbo ambalo maana yake imefungiwa ndani. Kisha ongeza kile kiambishi -at- tunachokisikia katika kamata, ambata na pakata, chenye maana ya kugusana na kubana. Fumbata, basi, ni kufunga kulikozidishwa kwa kubana. Ndilo jina walilochaguliwa mafundi kwa kitu ambacho kazi yake ni kupitisha hewa! Prosesa nyingi za leo zikifika nyuzi 95 au 100 hujipunguzia kasi zenyewe zisiungue. Ukizifumbata, umezinyima pumzi.

Wapo waliopendekeza "kasha", na hao nawaheshimu zaidi, kwa kuwa walau neno lao lina historia. Kasha tulilipata kwa Wareno, kama sanduku tulivyolipata kwa Waarabu. Lakini sifa ya kasha la pwani, lile la misumari ya shaba, ni kufunga vizuri: nguo zihifadhi harufu ya udi, mende asipenye. Kasha linalopitisha upepo ni kasha bovu. Huko madukani nako watu huliita umbo zima "sipiyu", yaani wameipa nyumba jina la mpangaji mmoja, prosesa.

Mimi nasema tenga. Nyanya za Ilula, kule Iringa, huletwa Dar es Salaam ndani ya matenga, na msukaji wa tenga huacha nafasi kati ya fito kwa makusudi: nyanya zikikosa hewa zinapata joto, na zikipata joto zinaoza kabla ya kufika sokoni. Tenga hubeba mzigo mzito, hulinda kilichomo kisipondwe, na bado upepo hupita. Tangu babu zetu, kanuni ya uso wa wavu imo ndani ya neno hili. Nililifikiria pia "tundu", kama tundu la kuku, nikaliacha kwa sababu tundu ni shimo vilevile, na fundi angelazimika kutaja matundu ya tundu.

Nimeambiwa tenga litachanganywa na kitenzi kutenga. Mbona panga la kukatia na kupanga nyumba havijawahi kugombana? Nimeambiwa pia kwamba ni neno la sokoni. Pangaboi je? Lina asili ya India, kwa kijana aliyevuta kamba ya pepeo la dari, likapita vinywani mwa watu na leo limo katika kamusi.

Orodha hiyohiyo inataja "mzunguko wa hewa". Hili ni kosa la maana, tena kubwa kuliko la kwanza. Hewa ikizunguka ndani ya tenga, feni inavuta tena joto ililokwisha kulitoa. Inatakiwa iingie mbele ikiwa baridi na itoke nyuma na juu ikiwa moto, moja kwa moja. Mabaharia wetu wana neno la kitu kiendacho upande mmoja kwa nguvu: mkondo. Watengeneza matenga Cooler Master walipotoa HAF 932 mwaka 2008, yenye feni tatu za milimita 230, herufi zile tatu zilimaanisha mkondo mkubwa wa hewa. Fractal Design wa Sweden nao, mwaka 2021, waliliita tenga lao Torrent, yaani maji yaendayo kasi, na mbele wakaweka feni mbili za milimita 180. Wao walifikiria mto. Sisi wenye bahari tunafikiria gurudumu.

Matumizi ni mepesi: tenga, matenga, uso wa tenga, tenga la mkondo kwa lile pana lenye wavu mbele.

Mwaka jana niliuziwa tenga lenye uso wa kioo kizima, zuri kulitazama, na Januari ya Dar es Salaam ilipopamba moto feni zilipiga kelele hadi nikashindwa kuandika. Nilipolibandua lile bamba zikatulia. Nikaenda Kariakoo kutafuta jingine, nikamwambia fundi nataka tenga la mkondo. Hakuuliza maana. Aliuliza bodi yangu ni ya ukubwa gani, nikamjibu ATX, milimita 305 kwa 244, tukaanza kuvutana bei.