Farasi Waliandikiwa Barua

Chiwata, kule kwetu Masasi, hakuna farasi. Korosho hubebwa kwa baiskeli, pikipiki au kichwa cha mtu. Kwa hiyo niliposoma kwa mara ya kwanza habari za Dorothy Brooke na farasi wake wa Cairo, sikutegemea kabisa kwamba zingenirudisha nyumbani. Zilinirudisha.

Bi Brooke alikuwa mke wa ofisa wa jeshi la Uingereza. Alipofika Misri mwaka 1930 alikuta farasi wa jeshi, waliouzwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, bado wanavuta mikokoteni mitaani wakiwa mifupa mitupu. Mwaka 1931 akaandika barua kwenye gazeti la Morning Post la London. Alichofanya ni kuwaeleza wasomaji alichokiona na kuwaomba msaada. Wakachanga. Kwa muda wa miaka kama mitatu alinunua farasi 5,000 hivi. Wengi walikuwa hawatibiki tena, basi wakapewa siku chache za kula, kunywa na kulala pazuri, kisha wakauawa bila kuteswa. Mwaka 1934 akafungua hospitali, na kazi yake inaendelea mpaka leo.

Wala hakuwa wa kwanza. Vita vikiwa vinapamba moto, Waingereza walikuwa wakichangia mfuko wa Blue Cross, uliokuwa na hospitali za farasi huko Ufaransa. Mtu alitoa alichonacho kwa ajili ya mnyama ambaye hatamwona maishani. Mimi hilo nalivulia kofia.

Sasa turudi Chiwata, maana vita ni vilevile.

Farasi waliletwa huku pia, na wapandafarasi wa Afrika Kusini. Mbung'o akawamaliza. Mwaka 1916 walikufa kwa maelfu, wao na nyumbu na ng'ombe wa kukokota. Lakini farasi walipokufa, mzigo haukufa. Ulihamia kichwani mwa watu. Wajerumani walichukua watu vijijini, Waingereza nao wakachukua, wengi wao kwa nguvu. Hao ndio wapagazi: unga, risasi, mahema, hata bakuli la kunawia la bwana mkubwa, vyote juu yao. Upande wa Waingereza peke yake, waliohesabiwa rasmi kuwa wamekufa ni zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi wanaamini idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Wengi hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara, homa ya mapafu na njaa.

Novemba 1917 vita vikafika mlangoni kwetu. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa na kambi Chiwata, na hospitali yake ilikuwa imefurika wagonjwa na majeruhi. Dawa zilikuwa zimepungua sana. Waingereza walipoingia katikati ya mwezi, waliwakuta wagonjwa wamelala palepale. Lettow alichagua wenye nguvu ya kutembea, akaenda zake kuvuka Ruvuma.

Na hapa pana jambo ambalo nikiwasimulia watu wanadhani natunga. Mwezi huohuo, chombo kikubwa cha angani aina ya Zeppelin, L59, kiliondoka Bulgaria kikiwa na shehena ya dawa, bandeji na risasi, kikielekea jeshi la Lettow katika nyanda zetu za Wamakonde. Kilifika anga ya Sudan, kikaitwa kirudi.

Basi panga hesabu. Jeshi lilitumiwa chombo cha angani, hata kama hakikufika. Farasi waliandikiwa barua na kujengewa hospitali. Mpagazi je? Mishahara ya maelfu waliokufa wakiwatumikia Waingereza haikuwafikia hata wajane wao.

Msinielewe vibaya. Sina ugomvi na farasi. Hata Lamu, mwaka 1987, kilifunguliwa kituo cha kutibu punda bure kwa fedha za wafadhili wa Uingereza, na mwenye punda wa Lamu anajua thamani yake. Huruma si debe la mahindi, kwamba ukimpimia punda, mtu atapungukiwa. Ila huruma inahitaji mtu wa kusimama na kusema: nimewaona hawa, wako mahali fulani, wanahitaji kitu fulani. Farasi wa Cairo walimpata mtu huyo. Wapagazi waliokuwa pale walionwa na maofisa waliojua kuandika, na wengi waliandika vitabu kabisa, lakini vikahusu mapigano.

Dar es Salaam kuna Sanamu ya Askari. Juu pale amesimama askari na bunduki yake. Mpagazi hayupo pale juu. Yeye aliachiwa jina la mahali ilipokuwa kambi ya Carrier Corps, jeshi la wabeba mizigo, jina ambalo makonda wa daladala hulipigia kelele kutwa nzima bila kujua wanamwita nani: Kariakoo, Kariakoo, Kariakoo.