Maneno Yanayokaa Ofisini

Tuanze na jina lililo mlangoni: shirika lisilo la faida. Lisome polepole, ndugu msomaji. Faida ni ziada anayobaki nayo mfanyabiashara, lakini ni manufaa pia. Tunauliza kisomo kina faida gani, dawa hii ina faida gani mwilini. Kwa hiyo shirika lisilo la faida, likisikilizwa na sikio la Kiswahili, ni shirika lisilomfaa mtu. Wanaosema "lisilolenga faida" wamenusurika kidogo, ila nao wamejitambulisha kwa wasichokifanya.

Kasoro hiyohiyo imo katika "shirika lisilo la kiserikali", jina lililokaa katika sheria ya Tanzania ya mwaka 2002. Kenya imeanza kutoka huko. Sheria yake iliyotungwa mwaka 2013, ikaanza kutumika Mei 2024, inazungumza juu ya mashirika ya manufaa ya umma. Jina hilo linataja kazi na linamtaja mwenye kazi. Napendekeza tulichukue na upande wa pili wa mpaka.

"Shirika" lenyewe nisingependa liguswe. Mzizi wake wa Kiarabu ni wa kuwa na fungu pamoja na mwingine, nao umetuzalia ukoo mkubwa: shiriki, mshirika, ushirika, ushirikiano, hata ushirikina, ambao asili yake ni kumfanyia Mungu washirika. Mtu anayeingia kila asubuhi kwenye mlango ulioandikwa shirika ana haki ya kuuliza fungu lake liko wapi.

Sasa tuingie ndani. Huko tunakuta "utamaduni chanya wa mahali pa kazi", maneno ya semina na ya maandiko ya miradi. Chanya na hasi tumeyazoea katika hesabu na umeme: namba chanya, ncha hasi ya betri. Huko yanafaa kabisa, kwa kuwa namba haina tabia. Watu wana vivumishi vyao. Hakuna mama anayemsifu mwanawe kwa tabia chanya. Husema ana tabia njema. Kivumishi -ema kimebeba wema ndani yake, na wema ndio tunaoutafuta ofisini.

Utamaduni nao una mzigo wake. Umetoka katika tamaddun ya Kiarabu, na nyuma yake kuna madina, yaani mji: kuishi kama watu wa mji mmoja. Asili hiyo ni nzuri. Lakini tangu Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, neno hili limefungamana na ngoma, mavazi na makumbusho. Mwambie mhasibu kuwa utamaduni wa ofisi una kasoro. Kabla hajafikiria jinsi anavyowajibu wenzake, atakuwa amewaza vazi la siku ya sherehe.

Yapo majirani zake. Mila ni ya ukoo, na umri wake ni mrefu kuliko wa ofisi yoyote. Desturi, tuliyoipata kwa Waajemi, iko karibu zaidi. Ada ingetosha kwa maana yake ya kale ya jambo lililozoeleka, lakini leo ukitamka ada mzazi anashika mfuko. Mazoea hayabagui mema na mabaya.

Mimi nachagua mwenendo. Hesabu hatua zake: enda, enenda, mwenendo. Hakuna kilichokopwa hapo. Neno hili linatazama jinsi mtu anavyokwenda siku baada ya siku, wala halijali bango la maadili lililotundikwa ukutani. "Mwenendo mwema wa kazini": karani anaelewa, mlinzi wa getini anaelewa, mjumbe wa bodi anaelewa, na wote wanaelewa kitu kimoja.

Je, mwenendo hujengwa? Kitenzi hiki tumekichosha. Tunajenga uwezo, tunajenga hoja, tunajenga timu, tunajenga mahusiano. Nyumba ikikamilika fundi hulipwa akaenda zake, ilhali mwenendo haumruhusu mtu kwenda. Wahenga walikwisha kupima uzito wa jambo hili waliposema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Tuseme kulea mwenendo. Tukisema hivyo, hatutaingoja semina ya mwaka; malezi ni ya kila siku, na kila mkubwa ni mlezi atake asitake.

Tukitoka kwenye mwenendo tukaja kwenye kazi yenyewe, ukoo wa -tuma unastahili kukaliwa kitako, maana ndani yake mna historia nzima ya kazi. Mtume ametumwa, na heshima yake inatokana na aliyemtuma. Mtumwa naye ametumwa, ila kauli ya kutendwa imemla mzima, akabaki bila hiari. Mtumishi anatumika kwa ajili ya wengine. Ndiyo sababu serikali na makanisa yamelipenda neno hilo. Kisha kuna kutumikishwa, ambako kunauma. Na juu ya yote kuna kujituma. Hapo aliyetuma na aliyetumwa ni mtu mmoja. Kiambishi kidogo -ji- kimemrudishia mtu ile hiari aliyopokonywa mtumwa.

Kwa sababu hiyo hakuna meneja anayeweza kumwamrisha mtu ajitume. Akiamrisha, aliyetuma ni yeye, na kitenzi kimebadilika hata kama midomo bado inasema kujituma. Tangazo la nafasi ya kazi linalodai "mtu mwenye kujituma" bila kutaja saa za kazi wala ujira limelitumia neno hili kinyume cha maumbile yake.

Kujitolea kumepatwa na mkasa mkubwa zaidi. Ni kitenzi cha fahari: mtu anaitoa nafsi yake kwa ajili ya jambo. Mwalimu mstaafu anayefundisha watu wazima kusoma, bila kulipwa wala kutaka kulipwa, anajitolea. Lakini leo kijana aliyemaliza chuo, anayefungua ofisi saa mbili kasoro na kuifunga jioni, huku akisubiri nafasi isiyotangazwa, naye tunasema anajitolea. Hajajitolea, anangoja. Lipo neno linalomfaa na tayari limo kamusini: mwanagenzi, mtu anayejifunza kazi kwa kuifanya. Mwanagenzi ana mkufunzi, ana muda wa kumaliza, na ana haki ya kula mchana. Tukimwita kwa jina lake, haki hizo zitadaika.

Hapo ndipo posho inapoingia. Posho ilikuwa chakula cha siku, na nchini Uganda hadi leo posho ni ugali wenyewe. Ofisini imegeuka kuwa ngazi: ya mkurugenzi inazidi ya ofisa, ya ofisa inazidi ya dereva, ingawa wote wamelala mji mmoja na kula kwa mama lishe mmoja. Sitaki neno jipya hapa. Nataka lile la zamani lirudi na maana yake, kwa sababu bei ya sahani ya wali haiulizi cheo.

Kiongozi ana asili ya njiani. Richard Burton, aliyepita njia ya misafara kuelekea Ziwa Tanganyika kuanzia mwaka 1857, aliliandika kama kirangozi: yule aliyetangulia mbele ya wapagazi. Alikanyaga umande kwanza, na njia ikipotea alikuwa amepotea pamoja nao. Bosi, neno la Kiholanzi lililotufikia kwa mkono wa Kiingereza, halina safari ndani yake. Katika shirika la jamii tulihifadhi neno kiongozi kwa ajili ya yule anayefika kijijini na wenzake.

Na hao wenzake? Maandishi ya ofisi yanawaita "wafanyakazi wenza". Ni sahihi, lakini ni baridi. Kiswahili kina mwenzangu, mwenzako, mwenzetu, maneno ambayo kimilikishi kimekwisha kuungwa humo humo. Tunapotaja mwenzi kwa namna hii, lazima tuseme ni wa nani. Sidhani kama tunahitaji istilahi nyingine ya kumtaja mtu wa meza ya pili.

Neno ninalotaka sana tuliache ni mlengwa. Limekuwa la kila kijiji, hasa kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania (TASAF) na kaya zake za walengwa. Kulenga ni kazi ya mwenye upinde. Anayelengwa hana la kufanya ila kusimama, na anayelenga hufumba jicho moja. Mnufaika ni afadhali, ila naye kazi yake ni kupokea tu. Napendekeza mwenyeji. Ndani yake mna mwenye na mji, na papo hapo nafasi zinabadilika: wafanyakazi wa shirika ndio wageni. Mgeni hubisha hodi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini pia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shirika linalotamka "wenyeji" katika ripoti zake limeshajifunga kwa adabu zote hizo, na ni vigumu watu wazizoee adabu hizo kijijini kisha wazisahau wakirudi ofisini.

Kuna mahali ambapo neno langu halitoshi. Katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, au Kakuma kule Turkana, wenyeji ni watu wa vijiji vya jirani, na mkimbizi akiitwa mwenyeji atasikia kama anadhihakiwa. Huko ningesema wenye jambo: watu ambao jambo hili ni lao kabla halijawa la mradi.

Tuache pia "kushuka kwa jamii". Anayeshuka alikuwa juu. Wakenya wanasema mashinani, na wameipatia picha sawasawa, maana shina ndilo linalobeba matawi. Chama Cha Mapinduzi (CCM) cha Tanzania kimejipanga kwa mti huohuo: shina kwanza, ndipo tawi. Tunakwenda mashinani. Basi.

Mfadhili amejaa fadhila, na fadhila inadai shukrani. Ofisi inayoishi kwa kushukuru hujifunza kuficha kasoro. Ningemwita mchangiaji, kwa kuwa kitenzi changa hakiulizi ukubwa wa mkono: mwenye dola amechanga, mwenyeji aliyetoa kiwanja amechanga, na vijana waliochimba mtaro siku ya msaragambo wamechanga. Wote waandikwe katika ukurasa mmoja wa taarifa ya mwaka.

Mrejesho ni istilahi mpya na si mbaya, lakini inarejesha nini? Mara nyingi ni sauti ya mkubwa inayoteremka. Mimi natetea neno linaloogopwa, kukosoa. Litazame umbo lake. Choma, chomoa. Kosa, kosoa. Kimalizio hiki, -oa, huondoa kilichoingia: anayechomoa mwiba anautoa mguuni, na anayekosoa analitoa kosa. Mguu haulaumiwi. Tuongeze -ana, tupate kukosoana, na hakuna atakayekaa nje ya mduara. Kikao cha kukosoana kikifanyika barazani badala ya kuzunguka meza ndefu, vizuri zaidi. Kwenye baraza za Lamu na Unguja watu hukaa usawa mmoja.

Lipo pengo moja ambalo bado tunalihangaikia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliitambua ile hali ya kuchoka na kazi hadi moyo unakauka kuwa jambo la kikazi. Sisi tunaiita uchovu, neno lilelile la mtu aliyetembea kutoka sokoni. Anayesikiliza kila siku habari za watoto waliopigwa ana jambo jingine. Amelemewa. Napendekeza mlemeo, kutoka lemea.

Na tiba yake iitwe kutuana. Nani Tanzania hajasikia kumtua mama ndoo kichwani? Kumtua mtu ni kumshushia mzigo ambao peke yake asingeweza kuuteremsha bila kumwagika. Kutuana ni sisi kwa sisi, kwa zamu. Katika ratiba ya ofisi, pale penye "huduma ya msaada wa kisaikolojia kwa watumishi", paandikwe: Ijumaa, saa tisa alasiri, kutuana. Mwenye neno linalokaa vizuri zaidi alilete.