Wavuvi wa Saint John na Boti ya Wanne

Ukifungua karibu kitabu chochote kinachoeleza mashindano ya makasia ya vyuo vya Uingereza, utakuta mwaka 1868 umepewa heshima ya pekee. Ndio mwaka ambao Walter Bradford Woodgate wa chuo cha Brasenose, Oxford, alimwamuru mshika usukani wake, Frederic Weatherly, ajitose mtoni mara tu mbio zilipoanza, ili boti isonge na wapiga makasia wanne bila mzigo wa mtu wa tano. Kisa hicho kimesimuliwa mno, tena kwa mapenzi, hata kikawa hadithi ya chimbuko: eti boti ya wanne isiyo na mshika usukani ilizaliwa siku hiyo, kwenye mashindano ya Henley katika mto Thames, kichwani mwa msomi mmoja wa Oxford. Sikubaliani na dai hilo. Waliotangulia hawakuwa wasomi wala Waingereza, na miaka 11 baada ya kisa cha Weatherly mashindano yale yale yalijiwekea kanuni ya kuwafungia mlango watu wa namna yao.

Mwanzo wa habari unajulikana. Vyuo vya Brasenose na Jesus vilikuwa vikishindana mtoni Oxford tangu 1815. Cambridge ikafuata 1827. Mwaka 1829 vyuo vikuu hivyo viwili vikakutana Henley kwa mara ya kwanza na Oxford ikashinda. Miaka 10 baadaye mji wa Henley ukaanzisha mashindano yake wenyewe, na mwaka 1851 Prince Albert akakubali kuwa mlezi wake, ndipo neno la kifalme likaongezwa kwenye jina. Kombe kubwa ni la boti za wanane, na ndilo linalovuta macho ya watu. Lakini anayetaka kuona jinsi mchezo huu ulivyobadilika, na jinsi ulivyochagua nani aingie na nani abaki nje, atazame boti za wanne: kombe la Stewards' la 1841, la Visitors' la 1847 lililowekwa kwa ajili ya vyuo na shule, na la Wyfold, ambalo tangu 1855 limekuwa la wanne.

Mashindano ni ya mtoano. Anayeshindwa anafunga mizigo. Anayeshinda anarudi kesho. Hakuna kujumlisha pointi wala kupata nafasi ya pili kwa kuangalia muda. Siku hizi boti hushindana mbili mbili kwa umbali wa maili 1 na yadi 550, yaani mita 2,112, kwenye njia iliyonyooka. Zama za Woodgate njia haikunyooka. Karibu na mwisho, mto ulipinda, na boti iliyopangiwa upande wa ndani wa kona ilipata faida ambayo mabishano yake yaliendelea miaka mingi. Ndiyo maana mshika usukani alihesabika kuwa mtu wa lazima: wapiga makasia wameipa mbele mgongo, hawaoni wanakokwenda, na kona inawangoja pale ambapo pumzi zimekwisha.

Woodgate alikuwa na miaka 27, bingwa mwenye vikombe kadhaa, mtu aliyependa ubishi na aliyeujua mto Thames vizuri sana. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Katika boti ya wanane uzito wa mshika usukani hugawanywa kwa wanane. Katika boti ya wanne kila mpiga makasia anabeba robo nzima ya mtu asiyesukuma chochote. Ukimtoa, boti inapanda juu ya maji na kuwa nyepesi. Kinachobaki ni kupata namna ya kuelekeza. Njia iliyokuja kuzoeleka, na ambayo ingali ikitumika, ni kiatu cha mpiga makasia mmoja kufungwa juu ya kibao kinachozunguka, na kibao hicho kuunganishwa kwa kamba au waya na usukani ulio nyuma ya boti. Akigeuza ncha ya mguu kidogo, boti inageuka. Na wakati huohuo mguu uleule lazima usukume kwa nguvu zote. Anayefanya kazi hiyo hutupa jicho begani kila baada ya mapigo machache, bila kuvuruga mwendo wa wenzake. Ni ufundi mgumu, nami nauheshimu kuliko nguvu yoyote ya mabega.

Weatherly, kijana wa miaka 19, alijitosa kama alivyoagizwa, akanaswa na mayungiyungi, na nusura azame. Brasenose walimaliza mbele sana ya wapinzani wao. Wasimamizi wakawanyang'anya ushindi papo hapo. Weatherly alitoka salama. Baadaye akawa mwanasheria na mtunzi mashuhuri wa mashairi ya nyimbo, na ndiye aliyeandika maneno ya "Danny Boy". Umaarufu huo, naamini, umechangia kukipa kisa cha Henley uhai mrefu kupita uzito wake. Mtunzi wa wimbo unaojulikana dunia nzima akiwa ndiye aliyerushwa mtoni, nani atataka kuuliza habari za mwaka uliotangulia?

Mwaka huo uliotangulia ndio unaostahili kuulizwa. Julai 1867, mwezi uleule shirikisho la Kanada lilipozaliwa, timu ya watu wanne kutoka mji wa bandari wa Saint John, jimbo la New Brunswick, ilifika Paris kushindana mtoni Seine wakati wa Maonyesho ya Kimataifa. Majina yao ni Robert Fulton, George Price, Samuel Hutton na Elijah Ross. Ross alikuwa mlinzi wa mnara wa taa. Wenzake walikuwa wavuvi. Wenyeji wa Saint John walichanga fedha za kuwasafirisha. Walikuja na boti nzito, mavazi ambayo wenye klabu za Ulaya waliyaona kichekesho, na hawakuwa na mshika usukani. Mmoja wao aliielekeza boti huku akipiga kasia. Walipoanza mbio, kicheko kilikoma: walishinda mara mbili, katika aina mbili tofauti za boti, wakiziacha nyuma timu za Waingereza na Wafaransa. Waliporudi nyumbani waliitwa Timu ya Paris, na jina hilo wamekuwa nalo hadi leo.

Basi mbio za Paris zilikuwa mwaka mmoja kamili kabla ya kisa cha Henley. Waingereza waliokuwa Seine walishindwa mbele ya macho ya umati, na hakuna mtu wa makasia jijini London au Oxford ambaye habari hiyo ingempita. Kusema kwamba Woodgate alibuni jambo hilo peke yake ni kudai kwamba bingwa aliyefuatilia kila mbio kwa miaka mingi hakusikia kushindwa kukubwa kuliko kote kwa msimu ule. Dai hilo silipi muda zaidi.

Lipo dai jingine ambalo linastahili subira. Wapo wanaosema boti za wawili zilikuwa tayari zikishindana Henley bila mshika usukani, na Woodgate mwenyewe alishinda humo mara kadhaa. Kwa hiyo alihitaji tu kuhamisha alichokijua kutoka boti ya wawili kwenda ya wanne. Hilo lina ukweli ndani yake. Bila ujuzi wa boti ya wawili asingethubutu. Hata hivyo, boti ya wawili ni fupi na huweza kugeuzwa kwa mmoja kuvuta zaidi ya mwenzake. Boti ya wanne ni ndefu, inakwenda kasi zaidi, na kosa dogo huipeleka ukingoni kabla wanne hawajaelewana. Kitu kilichokuwa hakijathibitishwa ni kwamba watu wanne wangeweza kuiongoza katika mashindano ya juu na kushinda. Waliothibitisha ni wavuvi wale. Woodgate apewe haki yake kwa kuileta Uingereza na kuisukuma mbele ya wasimamizi wasiopenda mabadiliko. Hiyo ni heshima ya kutosha, wala haihitaji kuongezewa ya watu wengine.

Mabadiliko yenyewe yalikuja upesi. Mwaka 1869 Henley ilitoa zawadi maalumu kwa boti za wanne zisizo na mshika usukani. Mwaka 1873 kombe la Stewards' likabadilishwa, na 1874 yakafuata la Visitors' na la Wyfold. Ndani ya miaka sita tangu Weatherly ajitose, makombe hayo yote matatu yalikuwa yakigombewa kwa mtindo wa Saint John.

Huku vyuo vikijifunza, wenye mtindo walikuwa wakiendelea kuuboresha kwa mbio za fedha. Septemba 1870, huko Lachine karibu na Montreal, Timu ya Paris ilishindwa na timu ya Uingereza kutoka mto Tyne, iliyoongozwa na James Renforth, mtu aliyewahi kufanya kazi ya kupiga nyundo katika karakana ya vyuma. Tarehe 23 Agosti 1871 wakarudiana katika mto Kennebecasis, New Brunswick. Katikati ya mbio Renforth alilegea, akaanguka mikononi mwa wenzake, na akafariki siku hiyohiyo. Kijiji kilichokuwa kando ya mto kilichukua jina lake. Huo ndio uliokuwa mchezo wa wafanyakazi: ulijaza kingo za mito, ulilisha familia, na wakati mwingine uliua.

Mwaka 1878 Henley ilipata wageni kutoka Marekani. Wanafunzi wa chuo cha Columbia, New York, walishinda kombe la Visitors', wakawa timu ya kwanza kutoka ng'ambo kushinda kombe lolote Henley. Mwaka huohuo timu ya Shoe-wae-cae-mette kutoka Monroe, Michigan, iliyokuwa na watu wa kazi za mikono, ilifika fainali ya Stewards' na kushindwa na London Rowing Club. Wanafunzi walipokewa kwa shangwe. Wafanyakazi waliacha maswali. Mwaka 1879 wasimamizi wakatoa tafsiri yao ya mchezaji wa ridhaa: asiwe mtu ambaye ni, au amewahi kuwa, fundi au kibarua kwa ujira.

Wapo wanaoitetea kanuni hiyo kwa kusema ililenga kuzuia kamari na mbio za fedha. Timu ya Paris ingezuiwa hata bila hiyo, maana ilishindania fedha. Lakini kanuni ya 1879 haikuishia kwenye fedha za mbio. Ilimzuia hata aliyepiga makasia bila kupokea senti moja, kosa lake likiwa ni kazi ya mikono yake. Utetezi huo haujibu jambo hilo, na hauwezi kulijibu.

Kwa hiyo vyuo vilibaki na uwanja mpana. Kilele chake kilikuwa mbio za makasia za Olimpiki ya 1908, zilizofanyiwa Henley kwa mtoano: chuo cha Magdalen, Oxford, kiliishinda klabu ya Leander na kutwaa dhahabu ya boti ya wanne bila mshika usukani. Kati ya wanne hao, John Somers-Smith aliuawa siku ya kwanza ya vita vya Somme mwaka 1916, na Duncan Mackinnon aliuawa mwaka uliofuata. Angus Gillan aliingia utumishi wa kikoloni Sudan, idara iliyopenda sana kuajiri wanamichezo wa Oxford na Cambridge, akapanda hadi ngazi ya juu ya utawala. Makasia ya vyuo yalikuwa njia ya kuelekea madarakani, na baadhi ya madaraka hayo yalikuwa juu ya Waafrika.

John B. Kelly wa Philadelphia, aliyekuwa mwashi wa matofali, alikataliwa Henley mwaka 1920. Ni kweli klabu yake ilikuwa na ugomvi wa zamani na wasimamizi, ila kazi yake ya mikono ilitajwa pia. Mwaka huohuo alitwaa dhahabu ya Olimpiki. Mwaka 1936 timu ya Australia ilikataliwa kwa kuwa ya polisi, na kelele zilizofuata zikaifanya Henley iondoe kipengele cha kazi za mikono mwaka 1937. Wanawake walisubiri kuliko wote: boti yao ya wanne isiyo na mshika usukani ilipata kombe Henley mwaka 2017.

Nawaomba wanaoandaa vijitabu vya mashindano ya vyuo, na walimu wanaowafundisha vijana mchezo huu, waandike 1867 kabla ya 1868, na kabla ya Woodgate waweke majina manne: Fulton, Price, Hutton na Ross.