Picha, jina na statusi: jinsi tunavyojionyesha katika WhatsApp

Mtu mwenye namba yako anaweza kukujua kabla hujamwandikia neno. Anaona picha uliyoweka, jina ulilojiandikia, na maneno machache chini yake. Ukiongeza statusi, anaona pia furaha yako, msiba wako na mahali ulipo leo.

Mtaalamu wa elimu ya jamii Erving Goffman, mzaliwa wa Kanada, aliandika kitabu juu ya jambo hili katika miaka ya 1950, kabla ya intaneti. Alifananisha maisha ya kila siku na mchezo wa jukwaani: kuna upande wa mbele, ambapo watu wanatutazama, na upande wa nyuma, ambapo tunapumzika na kujitayarisha. Kuchagua sura ya kuonyesha si unafiki. Mama anayevaa kitenge chake kizuri siku ya Mungu hadanganyi mtu. Anaheshimu mahali na watu.

Kinachobadilika katika simu

Kwanza, watazamaji wanachanganyika. Nyumbani, sokoni na kanisani tunasema kwa namna tofauti. Lakini statusi inaweza kuonwa kwa saa 24 na mchungaji, mkwe, mteja na mwenye deni, wote pamoja. Baada ya saa hizo inatoweka, lakini aliyeipiga picha anabaki nayo.

Pili, sura inaweza kutengwa na mwenyewe. Yeyote anaweza kuchukua picha ya mchungaji akiwa na joho, kuiweka kwenye namba nyingine, na kuwaandikia waamini: «Nimebadilisha namba, nisaidieni kwa pesa ya simu.» Sadaka ya mjane inapotea hivyo, na jina la mtumishi linachafuka bila yeye kujua.

Kwetu Mashariki

Vita vimetawanya jamaa zetu: mmoja Goma, mwingine Bunia, mwingine kambi ya Nakivale huko Uganda. Picha mpya inaweza kumwambia ndugu aliye mbali kwamba ungali hai. Lakini picha ya mshumaa inaweza kumwambia binti kwamba baba amefariki, kabla ya mtu yeyote kumpigia. Ni vema wa karibu waambiwe kwanza kwa sauti, ndipo kilio kitangazwe. Vilevile, picha inayoonyesha mlango wa nyumba iliyopokea waliokimbia inawafikisha hata wale wasiotakiwa kujua.

Mambo ya kufanya

Katika mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya faragha, chagua ni nani aone picha yako na statusi yako. Weka uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya tarakimu 6. Usimpe mtu yeyote namba ya uhakiki inayokuja kwa ujumbe wa simu, hata akijiita katibu wa parokia: kwa namba hiyo anaweza kuichukua akaunti yako na kusema kwa jina lako.

Ukiombwa pesa na namba mpya, piga namba ya zamani. Isipopatikana, mtume mtu nyumbani kwake. Makanisa yanaweza pia kusoma namba halali za watumishi katika matangazo ya Jumapili, ili hata wasio na simu kubwa wazijue.

Tukumbuke Isaka katika Mwanzo 27. Macho yake yalikuwa yamefifia. Sauti aliyoisikia ilimpa shaka, kwa kuwa ilikuwa ya Yakobo. Lakini aligusa mikono iliyofunikwa ngozi za wana-mbuzi, akanusa mavazi ya Esau, akatoa baraka. Picha na jina ni kama mavazi hayo: mwingine anaweza kuyavaa. Sauti ikikupa shaka, usitume kitu kwanza. Uliza tena.